Sifa za Dalecha

Mji wa Kale, Mombasa
8 Juni 1997

Mwanangu Athmani,

Nakuandikia nikiwa na afya, na namwomba Mola akuweke hivyo hivyo, wewe na mkeo Hawo na wanangu wadogo, na kila aishiye kisiwani Mangolea, wa miguu miwili na wa minne. Huku sote tu wazima. Nyumba ingali imesimama, ingawa chokaa ya ukuta wa uani inabanduka kila mvua inyeshapo, na mimi nabanduka nayo. Tangu nistaafu ualimu watu wa mtaa wamenifanya msemaji wa kila shughuli. Juzi ulipasuka mfereji wa maji, nao wakaja kuniita nikauhutubie.

Sasa nisikilize. Binamu yako Barke amechumbiwa. Kijana anaitwa Ngala, karani wa bandarini, mpole, mwenye kusali na mwenye kusikiliza. Shida si yeye. Shida ni shangazi yake, Bi Dama wa Kizingo, aliyemlea. Siku ya posa nilisema, kwa haki kabisa, kwamba sisi ni Waorma wa delta ya Tana kwa upande wa baba, na kwamba harusi ya binti yangu italishwa kwa ng'ombe wangu mwenyewe. Bi Dama akashusha kikombe chake cha kahawa, akasema mbele ya wanawake wote: "Ng'ombe wa Mwalimu Mwanarusi wanalishwa vizuri sana. Malisho yao ni ulimi wake."

Walicheka, Athmani. Hata Barke alicheka, akajifanya anakohoa.

Babu yako aliponizaa alinitengea mtamba, ng'ombe wa kitovu, kama desturi yetu. Marehemu baba yako alikitunza kizazi chake, nawe umekipokea. Najua kwamba katika kizazi hicho mkubwa leo ni Dalecha, yule wa rangi ya majivu. Naomba umlete Dalecha. Harusi ni Ijumaa ya pili ya Desemba, kabla ya Ramadhani. Nataka Bi Dama amwone akishuka kwenye lori kwa miguu yake.

Nisalimie Hawo sana.

Shangazi yako,
Mwanarusi


Mangolea
29 Juni 1997

Shangazi yangu mheshimiwa,

Barua yako niliipokea kwa mikono miwili. Hawo amepiga kigelegele kwa ajili ya Barke hadi ndama wakakimbia. Watoto ni wazima. Mdogo ameota meno mawili na anamng'ata kila ampendaye.

Wewe uliyenifundisha kuandika mezani pako utataka habari za mto. Mto hauko ulipouacha. Mwaka juzi ulijikatia njia mpya upande wa kaskazini, na mkono wa zamani, ule mlimokuwa mkiogelea utotoni, sasa ni madimbwi na magugu. Bahari ikijaa, chumvi hupanda hadi kwenye visima vyetu vya kusini, nasi twahamia katikati. Majani bado yapo, alhamdulillahi, lakini kila msimu tunauliza upya ardhi iko wapi.

Kuhusu Dalecha: ni wako. Siku utakayoitaja ndiyo siku. Sina la kuongeza.

Ila kwa kuwa karatasi ina nafasi, niruhusu nimsifu. Dalecha ana mgongo mnyoofu kama kitanda kilichowambwa jana. Pembe zake zimeinama mbele kama mikono ya mtu anayepokea mtoto. Hajawahi kumpiga teke anayemkama. Kundi zima humtazama yeye kabla ya kutia kwato majini. Akiingia wanaingia, akisita wanasita, na katika miaka yote ya kuvuka hajawahi kutukosesha ng'ambo. Wachungaji wa visiwa vingine huja kumwangalia tu, wakaondoka wakitikisa vichwa.

Nimekwisha kumsifu. Wewe u mtoto wa kisiwa, Shangazi, nami nanyamaza.

Mwanao,
Athmani


Mji wa Kale, Mombasa
27 Julai 1997

Mwanangu Athmani,

Mungu akuzidishie! Sisi hatujambo, na Barke anashona mapazia ya nyumba ambayo bado hajaiona. Lakini leo siwezi kuzichelewesha habari.

Barua yako niliipeleka Kizingo, kwenye mkutano wa wanawake wa pande zote mbili, nikasimama na kuisoma. Niliisoma kama inavyostahili, kwa vituo. Nilipofika kwenye mgongo mnyoofu, shoga yangu Kanze alisema, "Hapo kwenye sarara pana nyama ya watu arubaini." Nilipofika kwenye pembe, Bi Dama aliacha kujipepea. Mwishowe alisema, "Basi tutamwona." Ni maneno mawili tu, lakini ungeisikia sauti yake ungejua kwamba yalimtoka kwa shida.

Hukuniambia kwamba wewe ni fundi wa kusifu kiasi hiki. Mpishi tumekwisha kumpata, na amekariri sifa zako kuliko mapishi yake. Maungo ya nyuma yatakuwa ya pilau, mbavu za kuchoma, na supu itapikwa kwa wazee wa upande wa bwana harusi ambao meno yao yamewaaga.

Mfanyabiashara wa mifugo, Tsofa, atakuwa na lori lake kivukoni mwanzoni mwa Novemba. Mkabidhi Dalecha. Nataka akae nasi mwezi mmoja apumzike na aonekane.

Shangazi yako mwenye furaha,
Mwanarusi


Mangolea
14 Septemba 1997

Shangazi yangu mheshimiwa,

Tumezisikia redioni habari za mapigano ya Likoni mwezi uliopita, na hatukutulia hadi Tsofa alipotuambia kwamba ninyi ni salama. Mungu aulinde mji wenu. Sisi tu wazima. Yule mdogo sasa ana meno sita, na idadi ya wanaompenda imepungua.

Nimeisoma barua yako kwa makini. Naona kwamba sifa zangu zilikuwa fupi, na kosa ni langu. Naomba kumsifu tena.

Dalecha ana macho ambayo mtu akitazamwa nayo hukumbuka kwamba hajasalimu. Maziwa yake huganda upesi, na samli yake hainuki moshi. Mwaka ule mto ulipohama, maji yalipokuwa rangi ya chai na hakuna aliyejua kina chake, yeye alinusa, akazunguka kichaka cha matete, akachagua mahali, na ng'ombe wote wa Mangolea, wangu na wa jirani yangu Barisa, wakapita nyuma yake kama watoto wa madrasa. Hakupotea hata mmoja. Shangazi, Dalecha ni mzuri. Ni mzuri mno. Natumaini sasa nimesema.

Nina pia fahali mweusi, mnene, wangu mwenyewe, anayependa safari.

Wazee hapa wanatazama ndege wa mtoni wanaojenga viota juu sana mwaka huu, nao hawapendi wanachokiona. Hawo anasema niandike wazi. Nimemwambia kwamba yeye hakukabidhiwa mnyama wa mtu, hivyo hajui adabu yake. Mwenye kuwekewa mnyama akianza kutoa sababu za kumzuia, amekwisha kujifanya ndiye mwenye mali. Hawo amesema adabu hiyo itatuzamisha sote, mimi wa kwanza. Nayaandika maneno yake kwa kuwa ni habari za nyumbani, si kwa kuwa ni sababu.

Lori la Tsofa likifika, Dalecha atakuwa kivukoni.

Mwanao,
Athmani


Mji wa Kale, Mombasa
12 Oktoba 1997

Mwanangu Athmani,

Sisi hatujambo. Mvua imeanza kunyesha kwa hasira isiyo ya majira yake, na nguo za harusi zinaanikwa sebuleni.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikafurahi. Nikaenda Mama Ngina, kando ya bahari, kutembea jioni, nikanunua mihogo ya kukaanga, nikakaa ukutani nikaisoma mara ya pili, kwa kuwa nilitaka kuionea fahari. Nilipofika kwenye yale macho, muhogo ulinikwama kooni.

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Mjomba wa baba yangu alikuja kisiwani kumchukua fahali wake aliyekuwa amewekwa kwetu. Baba alimpokea, akamlisha, akasema, "Ni wako." Kisha akaanza kumsifu yule fahali. Alimsifu kabla ya kula, na baada ya kula, akamsifu kwa ukoo na kwa kwato. Mimi nilisinzia nikaamka, bado anamsifu. Mwisho mgeni akasema, "Basi nipe kibuyu cha maziwa niende zangu." Baba akamkumbatia. Fahali akabaki.

Nimeishi mjini miaka arubaini, Athmani. Huku mtu akikisifu kitu ujue anakuuzia. Wewe umenililia kurasa nzima ili usimpoteze kiongozi wa kundi, nami nimesimama Kizingo nikayasoma machozi yako kama orodha ya mpishi! Nilicheka pale ukutani hadi muuza mihogo akaniuliza kama naumwa. Kisha nikaona haya, na haya hiyo ninayo hadi sasa.

Basi nisikie kama mtoto wa kisiwa: nipe kibuyu cha maziwa. Au kwa kuwa maziwa hayatafika, nipe samli ya Dalecha kwa pilau ya Barke. Yeye abaki. Asivuke kwenda popote ila mahali anapowaongoza wenziwe.

Usiniulize nitamwambia nini Bi Dama. Hilo niachie mimi.

Shangazi yako,
Mwanarusi


Mchangani, ng'ambo ya Mangolea
23 Novemba 1997

Shangazi yangu mheshimiwa,

Tu hai sote. Nimelitanguliza hilo ili uweze kukaa na kusoma yaliyobaki.

Sijapata neno lako tangu Julai. Kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba nilitimiza nilichoahidi. Nilimtenga Dalecha na kundi, nikamvusha, mimi katika mtumbwi na yeye akiogelea kando, hadi huku Mchangani, mahali pa juu, ili nimfikishe kivukoni kwa Tsofa. Sikufichi: sikumtazama machoni.

Tsofa hakuja. Barabara ilikuwa imekatika, na mvua haikutupa nafasi hata ya kukausha moto. Asubuhi iliyofuata mto ulikuwa umezifunika kingo zake zote mbili na unaendelea kupanda. Mangolea ilikuwa ikipungua mbele ya macho yangu. Hawo na watoto walivuka kwa mitumbwi pamoja na wake wa majirani. Kundi likabaki, limejibana kwenye kipande cha ardhi kisichozidi uwanja wa mpira, maji yakiwafika magotini.

Barisa na wenziwe waliwasukuma, wakawapigia mbinja, wakawaita kwa majina. Hakuna aliyeingia. Walikuwa wakimtafuta wa kuwatangulia, naye nilikuwa nimemfunga kamba huku ng'ambo mikononi mwangu. Hawo alisimama karibu nami akizihesabu pembe. Ningependa angenikemea.

Kisha Dalecha akaanza kulia. Si mlio wa kuita ndama; ni mlio ambao sijawahi kumsikia akiutoa, mrefu, kutoka tumboni. Kule kisiwani masikio yakasimama. Akalia tena. Ng'ombe mmoja mwekundu, wa Barisa, akatia miguu majini, akatazama alikotoka mlio, akajitupa. Wakafuata. Shangazi, niliona pembe tu, mto mzima umejaa pembe, zinakuja kwetu. Nilimfungua kamba, akashuka hadi ukingoni akasimama pale, akilia, hadi wa mwisho alipopanda. Ndama wawili wametupotea. Wawili tu.

Barisa alipovuka alinishika bega akasema, "Nani alikushauri umtangulize huku?" Nikamwambia, "Shangazi yangu wa Mombasa, anayetaka kumla." Akadhani namtania.

Kwa hiyo sijui nikushukuru au nikulaumu, na vyote viwili si heshima. Hii si sababu ninayotoa. Dalecha bado ni wako. Barabara ikifunguka kabla ya Ijumaa ya harusi, atakuja.

Barua hii inakwenda kwa mashua ya Kipini.

Mwanao,
Athmani


Mji wa Kale, Mombasa
21 Desemba 1997

Mwanangu Athmani,

Asije! Naliandika hilo kwanza kabla ya salamu, Mungu anisamehe. Nilikuandikia Oktoba kwamba abaki. Barua hiyo bila shaka imelala mahali kwenye matope, na siku itakayokufikia utaona kwamba shangazi yako alichelewa kuelewa lakini alielewa.

Sasa salamu. Tunamshukuru Mungu kwa uhai wenu. Siku zile redio ilipotangaza mafuriko sikulala. Barke ameolewa, na mumewe hajambo.

Barua yako ilifika Jumatano, siku mbili kabla ya harusi. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wanachagua mchele. Bi Dama alikuwa amekaa kwenye kiti changu, na tangu asubuhi alikuwa ameuliza swali moja kwa sauti tofauti tofauti: "Ng'ombe yu wapi, Mwalimu?" Nilikuwa nimetayarisha hotuba juu ya mvua na barabara. Niliifungua barua yako, nikaiacha hotuba.

Nikawasomea. Nilipofika mahali kundi linapokataa kuingia majini, nilishusha karatasi nivute pumzi. Bi Dama akapiga sinia.

"Ehe? Soma basi! Wameingia hawakuingia?"

"Bi Dama, ngoja nipumue."

"Utapumua kesho! Soma!"

Nikasoma. Alipojitupa yule mwekundu wa Barisa, Kanze alimwaga mchele wake wote. Nilipomaliza, Bi Dama akafuta macho kwa ncha ya buibui, akanigeukia kwa ukali.

"Na huyo ndiye mliyetaka tumle?"

"Wewe ndiye uliyemtaka, Bi Dama."

"Mimi? Mimi nilitaka kumwona! Mtu akitaka kumwona mgeni, humtia chumvi?"

Wanawake walicheka, Athmani, na safari hii nilicheka nao. Hapo hapo akamtuma Ngala kwenda kutafuta mbuzi, akatoa amri kwa mpishi, akamfokea kwa ajili ya maneno ya sarara ambayo hata hakuyasema yeye. Pilau ilikuwa ya mbuzi. Wazee walipata supu yao. Wageni waliuliza habari za yule ng'ombe aliyesifiwa, na aliyewajibu wote, meza kwa meza, ni Bi Dama, na kila meza mto ulikuwa mpana zaidi.

Tsofa ataleta magunia ya unga na mablanketi. Ni kutoka Kizingo. Usimshukuru Bi Dama kwa maneno mengi, atasema unamsifu ili asirudi kuyachukua.

Shangazi yako,
Mwanarusi


Mchangani
1 Februari 1998

Shangazi yangu mheshimiwa,

Ramadhani imetukuta na kutuaga tukiwa wazima, na Idi tumeila kwa unga wa Kizingo. Barua zako mbili zilifika siku moja, ya Oktoba na ya Desemba, zimeshikana kwa unyevu kama ndugu. Niliitenganisha ile ya Oktoba kwa mvuke wa birika. Nilipofika kwenye kibuyu cha maziwa, nilitoka nje nikaenda kukaa na ng'ombe. Hawo alinifuata akasema, "Kumbe alisikia." Nikamwambia ndiyo, alisikia.

Maji yamepungua, nasi tumerudi kuangalia. Mangolea sasa ni visiwa viwili. Mto umepita pale palipokuwa na boma la babu. Lakini matope yaliyoachwa ni meusi na mazuri, na majani yameota hadi magotini mwa mtu, yale majani membamba ambayo wazee walisema tulikwisha kuyapoteza. Mwezi ujao tunahamia upande wa mashariki. Dalecha amekwisha kupachagua mahali pa kuvukia.

Na jambo moja zaidi. Binti wa Dalecha amezaa ndama jike, wa rangi ile ile ya majivu, mkaidi, mwenye afya. Ni wa kizazi cha kitovu chako. Mnyama wa kitovu hupewa jina na mwenyewe, akimshika sikio kwa mkono wake. Haifanyiki kwa barua wala kwa kutuma mtu. Sikuulizi utafanya nini. Nataja tu kwamba ana shingo nzuri, kwamba ana kope ndefu, kwamba akikimbia mkia wake husimama kama bendera, na kwamba tangu azaliwe sijaona ndama aliyemzidi.

Mwanao,
Athmani


Mji wa Kale, Mombasa
22 Februari 1998

Mwanangu Athmani,

Sisi hatujambo. Barke hajambo. Ukuta wa uani umeanguka, na sina muda nao.

Nimeisikia sifa hiyo, na safari hii nimeisikia mara ya kwanza. Tsofa anasema barabara itapitika katikati ya Machi. Tunakuja. Nasema tunakuja kwa kuwa nilimweleza Bi Dama kwamba ni safari ya ukoo, ya matope, ya mbu na ya mtumbwi, naye akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kama wachungaji wanapenda kahawa ya tangawizi. Amekwisha kununua viatu vya mpira, vya rangi ya manjano. Anavivaa nyumbani ili avizoee.

Mwambie Hawo atutandikie mikeka. Mwambie yule mdogo asining'ate. Na ndama asiitwe kwa jina lolote, hata kwa utani, hata na watoto, mpaka nimeshika sikio lake mimi.

Shangazi yako,
Mwanarusi